Tuitazame miwani, tusitazame kupitia miwani tu

Kama unavaa miwani ya kuonea mbali, leo usiku tafuta taa ya zambarau. Siku hizi hazikosekani: ziko kwenye maduka ya simu, saluni, baa na kwenye bajaji zilizopambwa. Simama mbali nayo, iangalie moja kwa moja, kisha geuza uso polepole kuelekea kushoto huku macho yakibaki palepale kwenye taa, mpaka uwe unaiona kupitia ukingo wa kulia wa lenzi. Ikiwa namba yako ni kubwa na lenzi zako ni zile za plastiki nyembamba, taa moja itakuwa mbili: ya buluu kushoto, nyekundu kulia. Rudisha uso, zitaungana tena. Geuza uso upande wa pili, zitabadilishana nafasi.

Hakuna kilichoharibika hapo, wala macho yako hayajapata ugonjwa mpya. Zambarau ya taa ile imepatikana kwa kuchanganya mwanga mwekundu na mwanga wa buluu, na lenzi yako imeutenganisha mchanganyiko huo kwa sababu plastiki huupinda mwanga wa buluu zaidi ya mwekundu. Katika miaka ya 1660 Isaac Newton alikitia giza chumba chake, akauacha mwale wa jua uingie kwa tundu dogo la dirishani na kuupitisha kwenye mche wa kioo, ili aonyeshe kwamba mwanga mweupe ni mkusanyiko wa rangi. Mvaaji wa miwani anatembea na jaribio hilo puani mchana na usiku, na wengi wetu tunazeeka bila kuliona.

Hoja yangu ni moja. Alama ndogondogo ambazo mwanga huziacha unapopita kwenye miwani ni taarifa, na kila mvaaji anastahili kujua kuzisoma. Tumezoea kutazama kupitia miwani, hatujazoea kuitazama yenyewe. Ndiyo maana tunanunua tusichoweza kukikagua, tunavumilia kasoro tusizoweza kuzitaja, na watoto wetu wanafundishwa somo la mwanga kwa michoro ya ubaoni huku mwalimu mwenyewe amevaa lenzi mbili usoni.

Turudi kwenye ile taa. Lenzi ina sehemu moja tu ambayo mwanga hupita bila kuchepushwa, nayo ni kitovu chake. Kadiri unavyotazama mbali na kitovu, ndivyo lenzi inavyofanya kazi ya mche. Kiasi cha mchepuko kinapatikana kwa hesabu ambayo mtoto wa shule ya msingi anaiweza: zidisha namba ya lenzi kwa umbali kutoka kitovuni, kwa sentimita. Mtu mwenye mainasi 6 akitazama sentimita 1 pembeni ya kitovu, anachokiona kimehama sentimita 6 kwa kila mita ya umbali. Mchepuko huo hauzigusi rangi zote sawasawa. Kila malighafi ya lenzi ina namba inayoitwa namba ya Abbe, kwa jina la Ernst Abbe, mwanafizikia wa mji wa Jena nchini Ujerumani. Namba ikiwa kubwa, rangi hukaa pamoja. Ikiwa ndogo, rangi huachana. Kioo cha kawaida cha miwani kina namba ya 59 hivi. Plastiki ya kawaida, ile ijulikanayo kama CR-39, ina 58. Polikaboneti, ile plastiki ngumu inayostahimili kishindo, ina 30 tu.

Sasa gawanya zile sentimita 6 kwa 30. Utapata milimita 2 kwa kila mita. Taa iliyo umbali wa mita 50 itaachanishwa rangi zake kwa sentimita 10, na hicho ndicho ulichokiona. Kwa plastiki ya kawaida mwachano huo ungekuwa karibu nusu yake. Kwa hiyo ile taa ya zambarau ilikuwa inakueleza umevaa malighafi gani. Hata barabarani usiku utaliona jambo hilohilo kwa sura nyingine: taa nyekundu za breki za gari lililo mbele huhama tu bila kuchanika, kwa kuwa zina rangi moja, lakini taa nyeupe za gari linalokuja huota ukingo wa buluu upande mmoja na wa rangi ya machungwa upande wa pili.

Hapa ndipo fizikia inapokutana na mfuko wa mnunuzi. Dukani tunaambiwa kwamba lenzi nyembamba ni bora, na bei yake inapanda kulingana na wembamba. Wembamba una faida za kweli. Mwenye namba kubwa anapunguziwa uzito puani, na polikaboneti ni chaguo la busara kwa mtoto anayecheza mpira, kwa sababu haipasuki vipande kama kioo. Lakini lenzi nyingi nyembamba zina namba ya Abbe inayozunguka 30 hivi, na mteja analipia wembamba huo kwa rangi zinazoachana pembeni ya uoni wake. Huenda akakubali kwa moyo mmoja. Ninachopinga ni kumuuzia bila kumweleza, kisha akirudi kulalamika kwamba maandishi ya pembeni yana vivuli vya rangi, aambiwe atazoea.

Tuje kwenye jua. Asubuhi jua likiwa limepanda kiasi, vua miwani uishike juu ya karatasi nyeupe, kisha uinyanyue polepole. Kama ni miwani ya asiyeona mbali, utaona jambo la ajabu: lenzi ambayo ni safi kabisa inatupa kivuli cha kijivu, na kuzunguka kivuli hicho kuna utepe wa mwanga mkali kuliko sehemu nyingine yoyote ya karatasi. Lenzi hiyo ni nyembamba katikati na nene pembeni, kwa hiyo huutawanya mwanga uelekee nje. Katikati pamepungukiwa, pembeni pamezidishiwa, na jumla ni ileile. Mwanga haukupotea, umehamishwa.

Miwani ya kusomea hufanya kinyume. Ni nene katikati, na huukusanya mwanga. Ukiinyanyua, kivuli chake kinakuwa na doa jeupe linalozidi kusinyaa na kung'aa, mpaka linakuwa nukta. Pima kwa rula umbali kutoka lenzi hadi kwenye nukta hiyo, kwa mita, kisha ugawe 1 kwa umbali huo. Jibu ndilo namba ya miwani. Nukta ikikaa sentimita 50, miwani ni plasi 2. Ikikaa sentimita 40, ni plasi 2.5. Ikikaa sentimita 33, ni plasi 3. Fanya kwa haraka, na usiiache nukta ikae mahali pamoja kwa maana karatasi huungua, wala usithubutu kulitazama jua lenyewe kupitia lenzi yoyote ile. Ukizingatia hayo mawili, umeikagua stika ya namba kwa rula ya mwanafunzi.

Tofauti hii ya kutawanya na kukusanya imewapita hata magwiji. William Golding, mwandishi Mwingereza aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 1983, alichapisha riwaya yake Lord of the Flies mwaka 1954. Humo vijana waliokwama kisiwani wanawasha moto kwa kuelekeza jua kwenye kuni kupitia miwani ya mwenzao Piggy. Lakini Piggy, kwa maelezo ya riwaya yenyewe, ni mtu asiyeona mbali. Lenzi zake hutawanya mwanga, na hata angezishika juu ya majani makavu toka asubuhi hadi jioni zisingetoa moshi. Riwaya haipungukiwi na ukubwa wake kwa hilo. Inatuonyesha tu kwamba mtu anaweza kuishi miaka mingi kati ya wavaa miwani, akawaandikia wavaa miwani, na asigundue kwamba kuna miwani za aina mbili zinazofanya kazi zinazopingana.

Mwanafunzi wa sekondari anayeambiwa achore miale mitatu inayopita kwenye lenzi mbinuko angepaswa kwanza kutolewa nje ya darasa kwa dakika kumi na miwani ya babu yake. Shule nyingi hazina maabara yenye vifaa vya kutosha, na walimu wamelisema hilo mpaka sauti zimekauka. Nakubaliana nao. Lakini kwa mada hii moja kifaa kipo katika kila shule, kipo katika kila mtaa, na hakihitaji umeme. Darasa likikusanya miwani tano za kuazima, jua na karatasi, wanafunzi watapima fokasi, watapata namba, watalinganisha na stika na kujadili kwa nini majibu yao yametofautiana kidogo. Hiyo ni sayansi yenyewe, na mtihani ukija hawatakuwa wakikumbuka mchoro. Watakuwa wakikumbuka nukta iliyotoboa karatasi.

Sasa twende sokoni. Kuanzia Kariakoo hadi stendi za mikoani kuna meza zilizojaa miwani ya kusomea iliyokwisha kutengenezwa. Siwabezi wauzaji wake. Kwa fundi cherehani aliyevuka miaka 40 ambaye hawezi tena kutunga uzi kwenye sindano, meza ile imeokoa kazi yake. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti yake ya dunia kuhusu uoni, ikikadiria kwamba watu wapatao milioni 826 walikuwa na shida ya kuona karibu kwa sababu ya umri, shida ambayo kwa kawaida humalizwa na miwani ya kusomea. Miwani rahisi inahitajika. Kwa sababu inahitajika, mnunuzi wake anastahili kujua vipimo vitatu ambavyo havimgharimu kitu.

Kipimo cha kwanza ni mwendo. Shika miwani kama sentimita 20 mbele ya jicho moja, tazama kitu kilicho mbali kupitia lenzi, kisha ipeleke miwani kulia na kushoto. Vitu vinavyoonekana ndani ya lenzi vikienda upande uleule unaoipeleka, lenzi ni ya mainasi. Vikikimbilia upande wa pili, ni ya plasi. Visipohama kabisa, umeuziwa kioo kitupu. Lenzi mbili za miwani ya kusomea ya mezani zinapaswa kuhamisha vitu kwa kasi ileile. Zikitofautiana, namba zake hazilingani.

Kipimo cha pili ni mstari. Tazama ukingo wa mlango ulio mbali kupitia lenzi hiyohiyo. Mara nyingi mstari utaonekana umekatika: kipande kilicho ndani ya lenzi hakikutani na vilivyo juu na chini yake. Sogeza miwani mpaka vikutane. Hapo mstari unapita kwenye kitovu. Weka alama ya kalamu. Fanya vivyo hivyo kwa lenzi ya pili, kisha pima umbali kati ya alama mbili. Ulinganishe na umbali kati ya mboni zako, ambao kwa watu wazima wengi huwa kati ya milimita 54 na 74. Kwa miwani ya namba ndogo tofauti ya milimita chache haina madhara makubwa. Kwa namba kubwa inaumiza. Lenzi ya namba 4 ambayo kitovu chake kimekosewa kwa milimita 5 inahamisha picha kwa sentimita 2 kila mita, na misuli ya jicho inalazimika kuifuata siku nzima. Maumivu ya kichwa ya jioni mara nyingine yana chanzo kama hicho, nacho kinapimika kwa mlango na rula.

Kipimo cha tatu ni mzunguko. Ukiendelea kutazama ukingo wa mlango, izungushe miwani kama unavyozungusha usukani wa gari. Mstari ukibaki wima ndani ya lenzi, umbo lake ni sawa pande zote. Mstari ukiinama, lenzi ina nguvu zaidi upande mmoja kuliko mwingine. Kwa mwenye astigmatizimu, yaani jicho lenye nguvu tofauti kwa kila upande, hivyo ndivyo inavyotakiwa, maana ndiyo tiba yake. Kwa miwani ya mezani, ambayo imetengenezwa kwa ajili ya kila mtu, mstari unaoinama ni dalili ya lenzi mbovu.

Astigmatizimu yenyewe ilipata miwani yake kwa sababu mtu mmoja alikataa kupuuza alichokiona. George Airy, mwanahisabati kijana wa Cambridge, aliona kwamba kwa jicho lake la kushoto nukta ya mwanga, kama taa ya mbali au nyota, haikuwa nukta bali mstari. Mwaka 1825 alitoboa kadi nyeusi kwa ncha ya sindano, akaitelezesha kwenye kipimo mbele ya jicho, akaandika umbali ambao nukta ilikuwa mstari wa upande mmoja na umbali ambao ilikuwa mstari wa upande mwingine. Kutokana na vipimo hivyo alibuni lenzi yenye nguvu tofauti kwa kila upande, na fundi akamchongea. Mamilioni ya watu leo wanasoma na kuendesha magari kwa lenzi za ukoo huo. Airy hakuwa daktari wa macho. Alikuwa mgonjwa aliyeangalia kwa makini na kupima.

Miaka 17 kabla yake, mwaka 1808, mhandisi wa kijeshi wa Ufaransa, Étienne-Louis Malus, alikuwa nyumbani kwake Paris akitazama kupitia kipande cha jiwe angavu la kalisiti, aina ambayo huonyesha kila kitu mara mbili. Jua la jioni lilikuwa likiakisiwa na madirisha ya Kasri la Luxembourg. Alipoligeuza jiwe, moja ya zile taswira mbili za jua ilififia. Hivyo aligundua kwamba mwanga ukishadunda kwenye kioo au maji hutikisika zaidi katika upande mmoja, na ugunduzi huo ndio msingi wa miwani ya jua ya polaroidi inayouzwa leo kwa bei ya juu.

Yeyote anayevuka kwenda Kigamboni kwa pantoni anaweza kulihakiki jambo la Malus. Mng'ao wa jua unaodunda kwenye maji kwa mshazari hutikisika kwa mlalo, na lenzi ya polaroidi huuzuia. Vaa miwani hiyo, uinamishe kichwa begani, mng'ao utarudi. Kinyanyue kichwa, utapungua, na macho yatapenya chini ya uso wa maji. Kwa mvuvi hiyo ni tofauti kati ya kuona mwamba na kutouona. Miwani ya jua iliyotiwa rangi tu haiwezi kufanya hivyo: itaupunguza mng'ao kwa kiwango kilekile hata ukiizungusha vipi. Muuzaji akisema ni polaroidi, izungushe mbele ya mng'ao wa maji, sakafu ya vigae au skrini ya kompyuta. Isipobadilika kitu, usilipie bei ya polaroidi. Ukiwa na ya kweli, tazama pia vioo vya nyuma vya magari: utaona safu za madoa meusi ambazo jicho tupu halizioni kwa urahisi. Ni alama za namna kioo kilivyopozwa kiwandani ili kiwe kigumu.

Kuna taarifa nyingine juu ya uso wa lenzi. Geuza miwani utazame taswira ya taa ya dari inavyodunda juu yake. Utaona taswira mbili, moja ya uso wa mbele na moja ya uso wa nyuma. Kila uso wa lenzi ya kawaida hurudisha asilimia 4 hivi ya mwanga, na lenzi nyembamba za bei hurudisha zaidi. Taswira zikiwa nyeupe, lenzi haina mpako wa kuzuia mng'ao. Zikiwa za kijani au zambarau na hafifu, mpako upo. Ikiwa moja ni ya kijani na nyingine nyeupe, umepakiwa upande mmoja tu. Mpako huo ni mwembamba kuliko urefu wa wimbi la mwanga. Mwanga unaodunda juu yake na ule unaodunda chini yake hufutana, na rangi unayoiona ni masalia ya ambayo haikufutika. Alexander Smakula wa kampuni ya Zeiss aliupatia hataza mwaka 1935. Unalipiwa kando kwenye risiti, basi mteja aangalie kama amepewa.

Lenzi zinazobadilika giza juani nazo zinalalamikiwa bure. Dereva husema hazifanyi kazi garini. Zinafanya kazi, ila zinasubiri miale ya urujuanimno ili zibadilike, na kioo cha mbele cha gari huizuia sehemu kubwa ya miale hiyo. Zaidi ya hapo, joto huzirudisha kwenye weupe haraka. Miwani ileile itakuwa nyeusi zaidi kwenye asubuhi ya baridi kule Njombe kuliko mchana wa Dar es Salaam wenye jua kali. Haya yangepaswa kusemwa kabla ya malipo.

Ninakiri kwa moyo mweupe kwamba kuna mambo jicho haliwezi kuyapima, na hapo ndipo mnunuzi anapohitaji ulinzi wa sheria na uaminifu wa mtaalamu. Kubwa ni kinga dhidi ya urujuanimno. Giza la lenzi si kinga. Miwani nyeusi isiyozuia miale hiyo huifanya mboni ipanuke, na hivyo jicho likapokea madhara wakati mwenyewe anajiona salama. Kinga hiyo hupimwa kwa mashine, na duka linalojiheshimu linapaswa kuwa nayo juu ya kaunta.

Tahadhari pia na onyesho la tochi. Muuzaji anakuletea lenzi ya kuzuia mwanga wa buluu, anaielekezea tochi ya leza, mwale unakufa ndani ya lenzi, unashangaa, unalipa. Mara nyingi mwanga wa tochi hiyo ni wa urujuani, ukingoni kabisa mwa unachoweza kuona, na si ile buluu inayotoka kwa wingi kwenye simu yako. Mwaka 2023 uchambuzi wa Cochrane uliokusanya majaribio 17 ulihitimisha kwamba lenzi hizi huenda hazipunguzi uchovu wa macho wa kompyuta katika muda mfupi, zikilinganishwa na lenzi za kawaida. Onyesho la tochi ni la kweli, lakini linajibu swali ambalo macho yako hayakuuliza.

Lililo muhimu kuliko yote ni kujua kipi ni cha miwani na kipi ni cha jicho. Usiku, taa za bodaboda zikikujia, huenda unaona michirizi mirefu ya mwanga. Vua miwani, ishike mbele ya jicho, izungushe. Michirizi ikizunguka pamoja nayo, chanzo ni lenzi: umeifuta kwa upindo wa shati, mafuta ya ngozi yamelala kwa mistari, na mwanga unatawanyika kukata mistari hiyo. Ukifuta juu na chini, michirizi inalala. Ukifuta kushoto na kulia, inasimama. Maji safi na sabuni kidogo, kisha kitambaa laini, vinaimaliza. Michirizi isipozunguka, kaitafute kwenye kioo cha gari au kwenye jicho lenyewe.

Ikiwa umevua miwani na bado kila taa imezingirwa na duara za rangi, hasa ikiwa jicho linauma, limekuwa jekundu na kichwa kinagonga, hiyo inaweza kuwa presha ya macho iliyopanda ghafla. Usisubiri asubuhi, nenda hospitali. Ikiwa taa zimekuwa zikikuumiza na kusambaa zaidi mwezi hadi mwezi, na kubadilisha miwani hakusaidii, mtoto wa jicho anaweza kuwa ameanza, naye hutolewa kwa upasuaji. Mtu aliyezoea kutofautisha alama za lenzi na alama za jicho atafika kwa daktari mapema, na atafika akiwa na maelezo yanayosaidia.

Najua pingamizi litakalotolewa. Wapo watakaosema kwamba kazi ya miwani ni kusahaulika, na kwamba ubongo una hekima ya kufuta kasoro zake. Ni kweli unazifuta. Mtu akivaa miwani mpya yenye namba kubwa, sakafu hupanda, milango huvimba na ngazi hutishia. Baada ya siku chache kila kitu kimenyooka, ingawa lenzi bado inapinda mistari vilevile. Bila huruma hiyo ya ubongo tusingeweza kuvuka barabara. Lakini ubongo hufuta bila kuchagua. Unafuta upindaji usioepukika wa lenzi nzuri, na unajitahidi kufuta kitovu kilichokosewa, mpako uliokwanguka na namba iliyopitwa na wakati, huku gharama ikilipwa na shingo na paji la uso. Kuangalia kwa makusudi mara chache kwa mwaka hakuondoi mazoea hayo mema. Kunatuwezesha kujua tumezoea nini.

Wengine watasema haya ni ya wataalamu. Sina nia ya kumnyang'anya mtaalamu kazi yake. Hakuna kipimo cha mlango kinachoweza kuchunguza nyuma ya jicho. Ila mteja anayejua kuuliza humlinda hata mtaalamu mwaminifu dhidi ya mshindani anayeuza maneno.

Ninachoomba kinatekelezeka. Maduka ya miwani yampe kila mteja karatasi yenye malighafi ya lenzi, namba yake ya Abbe, mpako uliowekwa na upande uliowekwa, umbali kati ya vitovu, na matokeo ya kipimo cha urujuanimno. Walimu wa fizikia waanze mada ya lenzi nje ya darasa, juani, kwa miwani za kuazima, kabla ya kuchora mwale wowote ubaoni. Wanaotunga mitaala waliandike zoezi hilo kwenye mwongozo wa mwalimu, ili lisitegemee bidii ya mtu mmoja mmoja. Nasi wavaaji tuikague miwani siku tunayoichukua, tukiwa bado tumesimama mbele ya kaunta, kwa sababu hapo ndipo kasoro inapoweza kurekebishwa bila malipo ya pili.